Fundi, Karani na Mpira wa Njuga

"Kaka, unanunua njuga au unaanzisha bendi?"

Mwenye duka la vifaa alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu wake. Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, duka limefurika watu wa misumari, watu wa rangi na watu wa mabomba, na hapo mbele ya kaunta alisimama mwanamume mwenye fimbo nyeupe, akitikisa njuga moja baada ya nyingine karibu na sikio. Hii anaiweka kulia, hii anairudisha kushoto, kama mtu anayechagua mayai. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama, na viatu vyake vyeusi viling'aa kuliko kioo cha duka.

"Nanunua," alijibu bila haraka. "Lakini siwezi kununua njuga iliyokufa."

"Kwani una mbuzi wangapi?"

"Sita. Na wote ni wabishi."

Nyuma yake mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mwanamke, kilichomponyoka kabla hajakizuia. Mwenye kicheko alikuwa karani wa idara ya michezo ya mji ule, aliyekuja kununua wino wa mihuri. Alivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe yenye doa la wino kwenye pindo la mkono, nywele kazifunga nyuma kwa mpira wa kufungia mafaili. Alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao mashangazi huacha kuuliza "lini?" na kuanza kuuliza "kulikoni?"

Mwanamume aligeuza kichwa. "Dada uliyecheka, una masikio mazuri?"

"Nadhani."

"Sikiliza. Hii." Akatikisa. "Na hii. Ipi ingekuamsha usingizini?"

"Ya pili."

"Na hii?"

"Hiyo ingenifanya nihame nyumba."

"Umeisikia, bwana mkubwa? Nifungie za hivyo ishirini."

Walitoka pamoja, si kwa kupanga, ila mlango ulikuwa mmoja. Pale kibarazani karani akashindwa kujizuia. "Mbuzi sita, njuga ishirini. Hesabu yako siielewi."

"Si mbuzi, bibie. Ni wachezaji. Mimi ni fundi viatu, lakini kila Alhamisi nafundisha mpira wa njuga pale kituo cha watu wenye ulemavu, nyuma ya ghala la mbao. Mpira natoboa, natia njuga, nashona. Wachezaji watatu huku, watatu kule, wote macho yamezibwa, hata anayeona. Mpira unabiringishwa chini, unausikia unakuja, unajitupa kuuzuia."

"Na nani alikufundisha?"

"Nani angenifundisha? Nilisikia redioni kwamba upo, nikaanza." Alicheka kidogo. "Njoo uone. Ila ukija, uje kimya."

Karani alirudi ofisini na wino wake. Juu ya meza yake lililala faili lenye fomu ndefu iliyoandikwa juu: *Kutambua Huduma Bora za Michezo kwa Watu Wenye Ulemavu*. Bosi wake alikuwa amempa kazi ya kutafuta kituo kimoja cha kupendekeza kwa tuzo, na wiki mbili zilikuwa zimepita bila yeye kujua hata aanzie wapi. Sasa alijua. Nisiwadanganye lakini: Alhamisi ile alipopaka mafuta ya mdomo mbele ya kioo cha choo cha ofisi, fomu ilikuwa sababu ya pili.

Ukumbi ulikuwa mtupu na mrefu, wenye madirisha ya juu na sakafu iliyochakaa. Mistari ya uwanja ilikuwa ya utepe uliobandikwa juu ya kamba, ili mguu au mkono uihisi. Wachezaji sita walikuwa wamevaa miwani iliyozibwa kwa kitambaa cheusi. Mmoja wao, msichana mpana wa mabega aliyeitwa Ukuta kwa sababu mipira haikumpita, alilala chini kwa ubavu kama mtu aliyejipumzisha nyumbani kwao.

"Kimya!" aliita fundi.

Ukumbi ulinyamaza, na haukuwa ukimya wa kawaida. Karani alisikia saa yake ya mkononi. Mpira ukaanza kubiringika, njuga zikilia taratibu, na watu watatu wakaelekea upande mmoja kabla hata haujawafikia.

Ndipo simu ya karani ikaita.

Iliita kwa sauti ya juu kabisa, ule mlio wa dukani ambao hajawahi kuubadilisha. Alipapasa mkoba, akamwaga kalamu, akamwaga leso, na simu ikazidi kuita. Alipoipata mwishowe, sauti ya mtu asiyemjua ikauliza kama huko ndiko kwa muuza matofali.

"Si huku," alinong'ona.

"Nani huyo?" fundi aliuliza.

"Ni mimi. Yule wa njuga. Samahani, sikukumbuka kuizima. Simu yangu huwa haiiti."

Alisema hivyo bila kufikiri, kisha akatamani sakafu immeze. Simu isiyopigwa nani ataikumbuka kuizima?

Fundi hakucheka. Alikuja kwa kufuata kamba kwa unyayo hadi akasimama mbele yake. "Humu ndani kelele ina adhabu," alisema. "Taja namba yako, tuipigie mpaka uzoee kuizima."

"Mwalimu!" Ukuta alipiga kelele kutoka sakafuni. "Mimi nilipiga chafya juzi ukanikimbiza raundi kumi! Namba hukuniomba!"

Namba ilitajwa. Fundi hakuiandika popote, aliirudia mara moja tu.

Jioni ile saa moja simu iliita tena.

"Nakutekelezea adhabu," alisema fundi.

"Nimeipokea adhabu," alijibu karani, na akakaa kitandani na viatu vyake miguuni kwa muda wa saa nzima.

Wakawa wanapigiana kila siku. Karani alikaa kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama tangi la maji, fundi aliishi chumba cha nyuma kwa dada yake. Walizungumza kuhusu visigino vinavyolika upande mmoja, kuhusu bosi anayesinzia macho wazi, kuhusu Ukuta na vituko vyake.

"Leo umevaa nini?" fundi alimuuliza jioni moja.

"Kwani utajuaje kama nasema kweli?"

"Nilikuwa naona mpaka nilipotimiza miaka kumi na tisa, bibie. Rangi zote ninazo humu kichwani, hazijapauka. Nipe moja."

Karani alitazama sketi yake ya kijivu. "Njano," alisema. "Gauni la njano, lenye mkanda."

"Njano ipi? Ya ndizi au ya yai?"

"Ya... ya yai."

"Ya kiini. Safi sana. Basi simama hapo nikuone vizuri."

Na alisimama, mtu mzima, peke yake chumbani, akazunguka mara moja mbele ya tangi la maji. Mapenzi hayana adabu.

Siku nyingine karani alimuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba muda mrefu. "Baada ya kupoteza macho, fundi wangu, ulikuwaje?"

Fundi alifunga mlango kwanza, dada asisikie.

"Watu waliacha kuzungumza na mimi," alisema. "Walizungumza na dada yangu. 'Anatia sukari kwenye chai?' wanamuuliza yeye, mimi nimekaa hapo hapo. Nilikaa miaka minne hivyo. Nikikuambia kitu, utacheka?"

"Sicheki."

"Nilikuwa nakwenda kupanga foleni. Foleni yoyote, ya maji, ya stempu, ya dawa. Sina shida ya chochote. Nataka tu mtu asimame nyuma yangu, anisukume kidogo, aseme 'sogea.' Nikifika dirishani nasema nimesahau nilichofuata, narudi mwisho, napanga tena. Hakuna anayejua. Hata dada hajui."

Machozi yalimtoka karani kwa sababu alikuwa na lake la namna hiyo hiyo, na hakulisema. Aliona haya. Akasema tu, "Pole, mpenzi," na lilikuwa ndilo neno "mpenzi" la kwanza kati yao, hivyo likapita juu ya yote mengine.

Fomu ilitakiwa ifike Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa saa nne bosi alisimama mlangoni. "Karani, hiyo fomu imekwisha?"

"Bado sehemu mbili, mzee."

"Isiyokamilika inatupwa. Usiniaibishe."

Sehemu ya kwanza iliandikwa: *Watoa huduma. Ambatisha vyeti.* Fundi hakuwa na cheti. Nani angempa cheti cha mchezo aliousikia redioni na kuanza mwenyewe? Kituo kilikuwa na mkurugenzi, mtu muungwana aliyefungua ukumbi kila Alhamisi na kurudi kwenye ofisi yake, na mkurugenzi alikuwa na vyeti vitatu. Karani aliandika jina la mkurugenzi. Sehemu ya pili iliandikwa: *Wanufaika. Eleza kisa cha mmoja kwa maneno yasiyozidi mia mbili.* Alikuwa na jina moja mkononi ambalo halijapata pa kukaa. Akiliacha, fundi hataonekana popote kwenye karatasi, kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Alimpigia. Simu iliita bila jibu, kwani saa hizo fundi huwa na misumari mdomoni. Akatazama saa ya ukutani. Nani husoma fomu? alijiambia. Mimi nimejaza fomu miaka kumi na moja, hajawahi kutokea mtu akazisoma. Akaandika jina la fundi chini ya wanufaika. Halafu, kwa kuwa kisa kilitakiwa kimoja na yeye duniani alikuwa nacho kimoja, akaandika cha foleni. Alikiandika vizuri, Mungu amsamehe. Mikono ya makarani huandika vizuri hata pale isipotakiwa.

Jioni alimwambia, "Nimetuma fomu, na jina lako limo."

"Limo? Kweli? Miaka sita ya kushona mipira, leo jina langu limo kwenye karatasi ya mji?"

"Limo," alisema, na sauti yake ilipungua. Angeweza kusema saa ile. Hakusema, kwa kuwa fundi alikuwa amefurahi sana.

Kituo kilishinda.

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wa mji, viti mia mbili, mapazia mekundu, maua ya plastiki mezani. Karani alifika na gauni la njano ya kiini cha yai, lenye mkanda. Alikuwa amezunguka maduka wiki nzima kulitafuta ili uongo wake uwe kweli. Watu wote ukumbini waliliona isipokuwa yule lililonunuliwa kwa ajili yake. Fundi alikaa safu ya mbele na wachezaji wake sita, suti aliyoazima kwa kaka yake mwilini, viatu vikimeremeta.

"Upo wapi?" alimpigia kutoka kiti hadi kiti.

"Safu ya nne, nyuma yako."

"Umevaa?"

"Nimevaa. Leo ni kweli."

"Kwani siku zile ilikuwa...? Ah, karani wewe!" Akacheka hadi Ukuta akamsukuma kwa kiwiko.

Mshereheshaji alimwita mkurugenzi, makofi yakapigwa, ngao ikakabidhiwa. Kisha akafungua karatasi.

"Na sasa, mabibi na mabwana, tumsikie mnufaika mmoja wa huduma hii!"

Akataja jina la fundi. Fundi akainuka, akatabasamu, akaiweka sawa tai. Alidhani anaitwa kama mwalimu wa huyo mnufaika. Alipandishwa jukwaani akashikwa mabega yote mawili kama kabati, na mshereheshaji akaanza kusoma.

Alisoma foleni ya maji. Alisoma foleni ya stempu. Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kila neno lilifika hadi viti vya mwisho. Aliposoma, "Alitaka tu mtu amsukume," ukumbi mzima ulisema "Maskiniii" kwa sauti moja, na mtu mmoja pembeni akacheka akasema, "Kumbe ndiye yule aliyekuwa akitujazia foleni!" Dada ya fundi, aliyekaa safu ya pili, alifunika uso kwa mtandio. Tabasamu la fundi lilibaki pale pale, kwa kuwa hakujua aliweke wapi.

"Leo hayuko tena mpweke, shukrani kwa kituo!" mshereheshaji alihitimisha, na wakamvika fulana nyeupe juu ya suti.

"Imeandikwa nini?" fundi aliuliza, na kipaza sauti kikalinasa swali.

"Imeandikwa 'Mimi ni Mnufaika'!"

Makofi yalipigwa sana.

Karani alisubiri nje kwenye ngazi. Fundi alipotoka, fulana ameikunja mkononi, alimwita kwa jina. Fundi alisimama, akaelekeza sikio, akaitambua sauti. Kisha akapita.

Karani alimpigia saa moja, fundi hakupokea. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya pili alipunguza hadi mara moja kwa siku. Kuna upweke wa mtu ambaye hajapata, huo huzoeleka kama kelele za tangi la maji. Upweke wa aliyepata akapoteza hauzoeleki. Ikifika saa moja alikuwa akikaa kitandani na viatu vyake miguuni, simu mapajani. Haikupigwa, hata na mtu wa matofali.

Siku ya kumi na tisa alikwenda kibarazani kwa fundi saa nane mchana, jua likichoma mabati. Fundi alikuwa akibandika soli. Hakuuliza nani, alizijua hatua.

"Kiatu kipi?" alisema.

"Sikuleta kiatu."

"Hapa ni kwa fundi viatu, mama. Kama huna kiatu, kuna watu wanasubiri."

Hakukuwa na mtu anayesubiri. "Niite mama tena kama unataka kuniua," karani alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Sikusoma mimi."

"Uliandika wewe."

"Niliogopa jina lako likose kabisa. Upande wa watoa huduma walitaka cheti—"

"Cheti!" Nyundo ilitua chini. "Ukuta alikuja kwangu haongei na mtu. Leo anaongea mpaka namwomba anyamaze. Hicho si cheti? Nani pale alimhudumia mwenzake? Mimi ndiye ninayetoa, bibie. Kitu kimoja tu maishani nakitoa mimi, na wewe ukaniweka upande wa kupewa." Alitafuta nyundo kwa kiganja, akaipata. "Na hilo ningelisamehe. Ni kosa la ofisi. Lakini lile la foleni sikuliambia ofisi. Nilikuambia wewe. Sasa nikipita sokoni watu wananisukuma kwa makusudi. 'Sogea, mnufaika.' Wanadhani wananifurahisha."

"Nifanye nini, fundi?"

"Sijui. Mimi sijui kusoma fomu."

Karani alirudi ofisini kwa miguu. Asubuhi yake alisimama mbele ya meza ya bosi, akasema fomu ya tuzo ina kosa na kosa ni lake.

"Ngao imeshatolewa," bosi alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa macho kabisa. "Unataka kuifukua habari hii kwa faida ya nani?"

"Ya mwenye jina."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Niandikie, mzee. Ukichoka nitakuandikia mwenyewe, unisainie."

Aliipata barua ya onyo, na akaipata pia Fomu ya Marekebisho ya Taarifa, karatasi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziomba katika ofisi ile. Alizijaza kwa siku nne. Alhamisi alizipeleka hadi ukumbini, saa kumi na nusu, wakati ambao wachezaji huwa wametoka uani kunywa maji. Fundi alikuwa peke yake katikati ya uwanja, amekaa sakafuni, akirudisha uzi kwenye mshono wa mpira.

"Nimeleta karatasi inayotaka alama ya kidole chako," alisema kutoka mlangoni. "Sikuombi kitu kingine. Nikusomee?"

"Soma."

Alisoma. Kwamba jina lililowekwa chini ya wanufaika liondolewe na liwekwe chini ya watoa huduma, kama mwanzilishi na mkufunzi. Kwamba vyeti hana, na badala yake yameambatishwa maelezo ya wachezaji sita, walioyasema wenyewe. Kwamba kisa cha foleni kifutwe kwenye kumbukumbu zote, kwa sababu kilitolewa bila ruhusa na karani aliyeaminiwa. Kwenye neno "aliyeaminiwa" alikwama, akalisoma tena vizuri.

"Imekwisha?"

"Bado nafasi moja. Inauliza, *Uhusiano wa mwombaji na mhusika*. Kuna mwajiri, ndugu, jirani, na 'mengineyo, eleza.' Tatu za kwanza hatumo. Nimeacha wazi."

"Karani anaacha nafasi wazi?"

"Sina cha kuandika."

Fundi aliweka mpira kando. Alinyoosha mkono kwenye kisanduku chake, akatoa miwani iliyozibwa, akaisukuma sakafuni kuelekea ilikotoka sauti. "Huku uwanjani hakai mtu anayeona. Vaa. Kaa. Halafu eleza hayo mengineyo."

Aliivaa. Giza lilikuwa zito kuliko alivyotarajia, na alipokaa alihisi kamba ya mstari chini ya paja lake. Hakujua fundi yuko umbali gani. Alianza kusema kwa kuwa kunyamaza mle ndani kulitisha zaidi.

"Siku ile uliponiambia la foleni, nilikuwa na langu nikaliona la aibu, nikalificha. Mimi huwapigia huduma kwa wateja. Wa kampuni ya simu. Sina tatizo lolote na laini. Nabonyeza, nasubiri, na mtu anapokea anasema, 'Habari za jioni, nikusaidie nini?' Anataja jina langu, limeandikwa kwake. Nauliza kuhusu vifurushi nisivyovitaka. Anaeleza. Akimaliza anasema, 'Una lingine?' Na mimi, fundi, nalitafuta hilo lingine. Nakaa nimeliandaa tangu mchana, kwenye karatasi. Mara moja binti mmoja akaniambia, 'Dada, umepiga jana pia.' Nikakata. Nikalia mpaka asubuhi, saa ya kwenda kazini. Ndipo nikakutana na wewe kwenye njuga, nikaacha kuwapigia. Miezi mitatu sikupiga hata mara moja. Jumapili iliyopita nimepiga tena. Hayo ndiyo mengineyo yangu. Sijui yanaandikwaje."

Alisubiri. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, akaamini kwamba fundi ameinuka akaondoka na kumwacha na giza lake.

Kisha mahali fulani kulia kwake njuga moja ililia, *chri*, ndogo sana.

"Ukuta," fundi alisema, "mpira huo umekushinda?"

"Samahani, Mwalimu. Umeniteleza."

Karani alivua miwani. Wachezaji wote sita walikuwa ndani, wamesimama mmoja mmoja kwenye nafasi zao, miwani usoni, kimya kama walivyofundishwa. Mmoja alikuwa akifuta mashavu chini ya kitambaa.

"Wameingia lini?"

"Ulipofika kwenye vifurushi," alisema fundi.

"Na hukuniambia!"

"Wewe uliniambia?"

Aliinamisha kichwa. La ajabu ni kwamba hakutamani sakafu immeze. Lake lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu, na watu walikuwa bado wamesimama pale pale.

"Dada," Ukuta alianza kwa upole, "huyo binti wa vifurushi, alikuwa walau anajua kazi?"

"Ukuta, raundi kumi," fundi alisema. "Nyote. Nje."

Walitoka wakisukumana na kucheka. Fundi alisogea kwa magoti juu ya sakafu, mkono mbele, mpaka vidole vyake vikagusa ukingo wa karatasi. Akaupapasa juu hadi chini.

"Nafasi yenyewe iko wapi?"

Alimshika kidole, akakiweka.

"Ni ndogo."

"Fomu zote ziko hivyo."

"Andika mchumba," alisema fundi.

Karani alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaiuma kofia.

"Ngoja. Hiyo ni kalamu ya wino?"

"Ya wino."

"Andika kwa penseli. Bado nina hasira na wewe, bibie. Nikilala naisikia ile 'maskini' ya ukumbi mzima. Sitaki kukudanganya kwamba imekwisha."

"Ofisini hatupokei penseli," alisema, na machozi yakadondoka juu ya karatasi ya serikali ya mji. "Wataikataa."

"Basi ofisi isubiri hasira zangu ziishe," alisema fundi. "Wewe usisubiri. Wewe kaa hapa."

Akakaa.